Ngozi Haishiki Kutu, Mifupa Ndiyo Huoza

Kuna uongo mmoja uliotulisha mafundi bodi wa Gisenyi, Rwanda, kwa miaka mingi: eti Land Rover haishiki kutu. Muuzaji aliusema, mnunuzi akauamini, na baada ya misimu kadhaa ya mvua gari likaletwa gereji limelegea upande wa dereva, mlango haufungi mpaka uuinue kwa goti, na ukikanyaga klachi unaiona barabara kupitia sakafuni. Kwa nje bodi nzima. Ukiipiga kofi inalia vizuri. Chini yake chuma kimekuwa unga mwekundu.

Mimi ni toliye, yaani fundi bodi, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, na kazi nilirithishwa na mjomba wangu. Kiswahili nilikikuta nyumbani, kama walivyokikuta wengi wa mtaa wetu, maana mji huu ulianza kama kituo cha Wajerumani, na Wajerumani walitawala kwa Kiswahili kupitia askari, makarani na wachuuzi waliotoka pwani. Nayataja haya kwa sababu gereji za hapa zilirithi lugha hiyohiyo: nyundo, patasi, msasa, kutu. Kifaransa kilibaki kwenye risiti na kwenye majina ya vipuri.

Chanzo cha ule uongo kiko Uingereza. Vita vya Pili vilipokwisha, kampuni ya Rover, yenye kiwanda chake Solihull, ilikuta chuma kinatolewa kwa kibali cha serikali, huku alumini iko tele kwa kuwa viwanda vya ndege za kivita vimepunguza kazi. Maurice Wilks, mhandisi wao mkuu, akabuni gari la shamba lenye bodi ya aloi iliyoitwa Birmabright, yaani alumini iliyotiwa magnesiamu. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Hawakuwa na fedha za mashine kubwa za kufinyia mabati, kwa hiyo bodi ilikunjwa bapabapa, kona kwa kona. Shida yao ikawa nafuu yetu. Madigadi ya Land Rover unaweza kuyanyoosha juu ya ubao na mfuko wa mchanga, jambo ambalo ukilijaribu kwa gari lenye mikunjo ya kileo utalia.

Lakini gari haliwezi kuwa alumini tupu. Chesisi ilikuwa ya chuma, tena ya namna ya ajabu: vipande vinne virefu vya bamba viliunganishwa kwa kuchomelewa pembeni mpaka vikawa boksi lenye uwazi ndani. Ukuta unaotenga injini na abiria, ule unaobeba bawaba za milango, usukani na kioo cha mbele, nao ulikuwa wa chuma. Fremu za milango, vivyo hivyo. Hiyo ndiyo mifupa, na mnunuzi haioni kamwe.

Wabelgiji, waliokuwa watawala wetu wakati huo, walikuwa na Land Rover yao wenyewe. Kampuni ya Minerva ya Antwerp ilipewa leseni ya kuziunda kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1950, nayo ikaamua kutumia bodi ya chuma badala ya alumini. Madigadi yake ya mbele yamekatwa mshazari, ndiyo alama ya kuitambua. Minerva angalau ni gari mkweli: likioza unaliona linaoza.

Sasa nani alihitaji Land Rover huku? Angalia ramani. Mapadri wa misheni ya Nyundo walikuwapo tangu 1901, na parokia zao ziko juu milimani. Walowezi walilima kahawa na pareto kwenye miteremko ya volkano. Kiwanda cha bia kilijengwa Gisenyi mwaka 1957. Barabara zilichimbwa kwa akazi, ile kazi ya lazima ambayo wazee waliitaja kwa kununa, na zilitandikwa makoro, mawe meusi ya lava yanayokata tairi na kuchubua rangi ya chini ya gari kila siku ya Mungu. Gari dogo lililoundwa kwa ajili ya lami ya Ulaya halikuwa na maisha marefu hapo.

Wasomaji wengi watamkumbuka Dian Fossey, yule mtafiti wa sokwe. Land Rover yake kuukuu, yenye turubai, aliipa jina la Lily. Julai 1967, askari wa Kongo walipomzuia Rumangabo baada ya kumtoa kambini kwake Kabara, aliwalaghai kwamba fedha zake ziko Kisoro na kwamba usajili wa gari lazima ukamilishwe huko. Wakapanda naye. Kisoro iko Uganda. Walipofika, walinzi wakakamatwa na mama yule akabaki huru. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo alianzisha kambi ya Karisoke, upande wetu wa milima, kati ya Karisimbi na Bisoke. Rafiki yake Rosamond Carr, Mmarekani aliyefika ukanda huu mwaka 1949 na kulima pareto na maua huko Mugongo, juu ya mji wetu, aliishi hapa mpaka alipofariki mwaka 2006. Waandishi wameandika mengi juu ya wanawake hawa wawili. Juu ya waliowatengenezea magari hawajaandika hata ukurasa. Mimi naona ni upungufu, maana pasipo gari hakuna utafiti wala maua ya kuuza.

Turudi kwenye kutu. Wageni huniuliza inatoka wapi, na bahari iko mbali namna ile. Ni kweli Ziwa Kivu halina chumvi ya bahari. Lina gesi, tangu 1963 methani yake ilivutwa Rubona ikachochea mitambo ya kiwanda cha bia. Lakini kutu haihitaji chumvi ili ianze, inahitaji maji na hewa na muda. Gisenyi iko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni miezi mingi ya mwaka, usiku kuna ubaridi, asubuhi bati limelowa umande hata kama jana yake hapakunyesha. Udongo wa volkano ukigeuka tope hushika maji kwa muda mrefu. Tope hilo huingia ndani ya chesisi kupitia vitundu, likajaza kona za ukuta wa injini, likalala juu ya boriti ya nyuma. Nje pamekauka, ndani bado masika.

Halafu kuna Nyiragongo. Mlima ule unatoa moshi wenye salfa, na mvua ikipita katikati ya moshi hushuka ikiwa na asidi. Upepo mara nyingi huusukuma magharibi, upande wa Kongo, ambako mabati ya paa za vijiji hutoboka mapema. Gari lililofanya kazi miaka mingi upande ule nalitambua kabla mwenyewe hajasema: mfereji wa paa umeliwa, na vichwa vya skrubu vimebaki vya kubahatisha.

Tena kuna ugomvi wa metali zenyewe. Alumini ikigusana na chuma, kukawa na maji kati yao, panakuwa kama betri. Hapo anayeliwa ni alumini. Inatoa unga mweupe kuzunguka ribiti na bolti, rangi inavimba, ukiigusa kwa kucha inabanduka. Chuma kinaliwa kwingine, mahali tope lilipolala. Kwa hiyo gari lina magonjwa mawili, mweupe na mwekundu, na dawa zake hazifanani. Fundi anayeyatibu yote mawili kwa puti ya kuzibia ni tapeli, hata kama rangi yake inang'aa.

Mjomba alianza kila ukaguzi kwa nyundo ndogo. Aligonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma akisikiliza. Chuma kizima kinajibu kwa sauti kali. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, na mara nyingine nyundo inazama. Alikuwa na ramani yake kichwani: miguu ya nguzo za milango, sakafu ya mahali pa miguu ya dereva, kona za juu karibu na bawaba, mikono ya chesisi inayoshika bodi, boriti ya nyuma, na vishikizo vya springi. Mwenye gari akisema "Mzee, nina shida ya mlango tu", mjomba alikuwa tayari amelala chini ya gari.

Vifaa vilikuwa haba na werevu ulikuwa mwingi. Gesi ya kuchomelea ilitengenezwa hapohapo: mawe ya kabidi yalitiwa maji ndani ya mtungi, yakatoa asetilini. Bati la viraka lilitoka kwenye mapipa ya mafuta ya lita 200, ambayo unene wake, kama milimita moja hivi, unalingana vizuri na bati la gari. Pipa la petroli halikatwi hivihivi. Hata likiwa tupu lina mvuke, na mvuke huo umeua watu. Tulilijaza maji kwanza, tukalikata kwa patasi kutoka juu huku maji yakipungua taratibu.

Kuinyoosha alumini kulikuwa na elimu yake. Ukiipiga sana inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Lazima uipashe moto ili ilainike, lakini alumini haikuambii imepata moto kiasi gani. Haiwi nyekundu kama chuma, inatulia hivyohivyo mpaka ghafla imeyeyuka ikadondoka. Dawa ni sabuni. Unaipaka sabuni ya kipande, unapitisha moto wa gesi polepole, na sabuni ikigeuka kahawia ya kuelekea weusi, unaondoa moto. Bati limelainika. Hilo nililiona kwa mjomba nikiwa mtoto, nikadhani ni uganga. Baadaye nikakuta mafundi wa ndege walikuwa wakifanya vilevile.

Chuma kina hila tofauti. Bati la chuma likigongwa linatanuka, linabaki na kitumbo kinachocheza ndani na nje. Unalichoma mahali padogo mpaka pawe pekundu, unaligonga kidogo huku umekinga chuma kizito kwa nyuma, kisha unalibandika kitambaa kilicholowa maji. Linajikaza lenyewe. Kazi ya namna hiyo haikuhitaji puti, au ilihitaji kidogo sana.

Kisha ikaja Julai 1994. Sitasimulia hapa mambo ya mwaka ule, yana wasimulizi wake na uzito wake. Naandika juu ya magari tu. Katika siku chache watu wanaokaribia milioni moja walipita katika mji huu kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, na nyuma yao dunia nzima ikaja na misaada. Misaada ilikuja kwa Toyota Land Cruiser, zile za mfululizo wa 70 uliotoka kiwandani kuanzia 1984, nyeupe, na waya mrefu wa redio mbele. Zilizotangulia, za mfululizo wa 40, zilizoundwa kuanzia 1960, tulizijua kwa uchache. Sasa zilijaa kila kona. Nazo ni chuma kuanzia juu mpaka chini.

Kwa injini, sina la kusema. Toyota ilishinda, na anayebisha hajawahi kukwama Masisi kule Kongo. Lakini kwa bodi, Land Cruiser iliigeuza kazi yetu. Inaoza mahali panapoonekana: mfereji wa paa, kingo za kioo cha mbele, kona za nyuma, chini ya milango. Mashirika yalitaka gari lirudi kazini kesho, si wiki ijayo, na fedha zilikuwapo. Hapo ndipo enzi ya puti ilipoanza. Kutu ilikwanguliwa juujuu, shimo likazibwa kwa chochote, puti, msasa, rangi nyeupe, gari limeondoka. Niliwahi kukwangua ubavu wa Land Cruiser moja miaka mingi baadaye nikakuta kiraka kilichokatwa kutoka kwenye kopo la mafuta ya kula ya msaada, herufi za USA zikisomeka bila tabu chini ya puti. Aliyefanya kazi ile alikuwa na haraka, na pengine alikuwa na njaa, simlaumu. Ila vijana waliojifunza kazi wakati ule walijifunza kupaka, hawakujifunza kunyoosha.

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kupita katikati ya Goma mpaka ziwani, watu kwa maelfu walikimbilia kwetu, wakiwamo mafundi wenye mikoba ya vifaa mabegani. Baadhi walibaki kwa muda. Wao ndio waliotuonyesha namna nzuri ya kuunda upya mikono ya chesisi kwa kukunja bamba zito badala ya kuunganisha vipande. Mpaka ni wa serikali. Ufundi ulikuwa unapita kwa miguu.

Siku hizi wanakuja wateja wa aina mpya. Si mapadri wala wakulima. Ni watu wanaotaka Land Rover ya zamani kwa sababu babu alikuwa nayo, au kwa sababu watalii wanaipenda wakipelekwa kuona ziwa. Ninayo moja gereji wakati huu naandika, ya Series IIA, toleo lililoundwa kati ya 1961 na 1971, yenye chesisi fupi, iliyozeeka katika shamba la chai. Mwenyewe amekaa Ubelgiji, amesoma sana, na anataka iwe "kama ilivyotoka kiwandani". Tumebishana. Anataka nitupe madigadi yenye makunyanzi na kuagiza mapya. Mimi nasema hapana.

Rai yangu ni hii, na kila fundi mwenye nyundo anaweza kunipinga: chuma usikionee huruma, alumini usiitupe. Chuma kilichooza kinakatwa mpaka ukutane na chuma kinachong'aa, hata kama ulikusudia kukata kiganja ukajikuta umekata dhiraa. Kiraka juu ya kutu ni kuifunika tu. Itaendelea kula chini kwa chini. Lakini alumini ya gari lile imekuwapo tangu siku ya kwanza, na kila kibonyeo chake kilipatikana mahali fulani. Ikinyooshwa kiasi, ikasafishwa unga mweupe, itaishi kuliko mimi.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi. Kabla ya kukata kitu chochote tunachomelea vyuma vya muda kuvuka matundu ya milango, la sivyo ukuta wa injini ukitoka, gari zima linajipinda na milango haitafunga tena. Tunapima kwa kamba, kona hii hadi ile, na kona ya pili, mpaka kamba mbili zilingane. Tunakata miguu ya nguzo na sakafu, tunaunda mipya kwa bati jipya. Siku hizi bati linapatikana dukani, mapipa tumeyaachia wachoma mahindi. Tunachomelea vituo vifupivifupi tukiacha papoe, ili bati lisijikunje. Kila mahali alumini itakapokutana na chuma tunapaka praima ya zinki, kisha tunaweka ukanda wa mpira mwembamba katikati, kwa sababu ugomvi ule hauishi ila wagombanao watenganishwe. Vitundu vya kutolea maji vinafunguliwa vyote. Mwisho tunapuliza oili chafu ya injini ndani ya chesisi mpaka idondoke nyuma. Inanuka wiki nzima, na mke wa mwenye gari atalalamika, lakini hakuna dawa ya bei hiyo inayoishinda.

Ziko chesisi mpya kabisa zinazouzwa Uingereza, zimechovywa zinki ndani na nje. Ni nzuri, sitasema uongo. Kuifikisha Gisenyi kupitia Mombasa au Dar es Salaam ni hesabu nyingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walikufa, na nyumba nyingi za bonde lile zilikwenda na maji. Magari yalikuwa jambo dogo mbele ya msiba ule. Ila yaliyonusurika yaliletwa kwetu baada ya majuma, yakiwa yameoshwa vizuri nje, na chesisi zimejaa tope la mto hadi juu. Wenye nayo walidhani yamepona. Tulitumia bomba la maji siku nzima kwa gari moja, na bado lilitoka tope jeusi. Ambayo hayakuletwa yanaoza sasa hivi, taratibu, mahali fulani katika wilaya hii ya Rubavu, rangi yake ikiwa safi.

Na ambayo hayaozi yanauzwa kwa kilo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanazunguka hadi parokia za juu kabisa. Chesisi inakatwa vipande na kwenda kuyeyushwa iwe nondo. Alumini inaishia kwa wasubu wa sufuria. Sufuria ni kitu cha maana, sibishi. Lakini nimeona boneti ya Series I, gari la kabla ya 1958, ikiingia kwenye tanuri kwa bei ya chakula cha mchana.

Basi, ewe msomaji, kama nyuma ya parokia yako, kiwanda cha chai au boma la babu yako limelala gari la namna hii, fanya mambo machache kabla hujamwita mnunuzi. Sugua chesisi mbele kulia, karibu na kishikizo cha springi, usome namba iliyogongwa pale na kuiandika. Kwa magari ya Series II na IIA tarakimu zake za mwanzo zinaeleza ni toleo gani na usukani uko upande upi. Mwulize mzee aliyeliendesha, maadamu angali hai, liliwahi kufanya kazi wapi. Kisha liondoe kwenye majani, ulipandishe juu ya mawe, uzibue vitundu vya maji, umwage oili chafu ndani ya chesisi. Ukilifunika turubai, usiiache iguse chini, acha hewa ipite. Hata kama huna fedha mwaka huu, likikaa hivyo litamsubiri mwanao.